Ombi la Kuachanishwa na Wake Nisiowaoa

Kwa Daktari Mkuu,
Kituo cha Afya,
Chumba kile cha mwisho, baada ya mizani.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu, na mwenyewe nimeiandika nimekaa.

Mimi ni fundi viatu wa hapo nje ya geti lako, upande wa tangi la maji. Kwa sura hunijui. Ila vile viatu vyako vyeusi vya kamba nimevishona mimi, mlinzi ndiye huwa anavileta. Soli ya kulia inaisha upande wa nje, unatembea kama mtu anayekwepa kitu. Sisemi kwa ubaya, ni kazi tu inanifanya nione.

Ningekuja mwenyewe tuongee, lakini mimi ni mtu wa haya. Nikisimama mbele ya koti jeupe, maneno yote yanakimbilia miguuni. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama. Shule sikufika mbali, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe tu uendelee.

Shida yangu kwa kifupi ni hii. Jumatano ijayo mke wangu anatakiwa arudi kliniki kupimwa presha. Ana mimba yetu ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na presha imempanda. Kile chumba anakiogopa, hataki kuingia bila mimi. Na Sista Miwani, mkuu wa kliniki ya wajawazito, amesema mimi sitavuka tena mlango ule na mwanamke yeyote. Nikamwuliza, hata na mke wangu? Akasema, "Yupi?"

Halafu akasema nikitaka kuingia nilete karatasi ya Daktari Mkuu, inayosema mke wangu ni yupi. Basi ndiyo hii naiomba. Lakini ili uiandike vizuri inabidi ujue tulifikaje hapa, na kosa si langu lote. Lingine ni la lile tangazo.

Tangazo lipo mlangoni, wewe unalipita kila siku: MAMA ANAYEKUJA NA MWENZA WAKE ATAHUDUMIWA KWANZA. Ni tangazo zuri. Lina picha ya mwanamume anacheka, ameshika tumbo la mke wake kama anachagua tikiti maji. Nia yenu naielewa, mlitaka waume waje. Lakini Daktari, waume hawakuja. Waliokuja ni wanawake, na walipolisoma wakageuka kutafuta mwanamume aliye karibu. Aliye karibu nilikuwa mimi.

Maana ukiwa na mwenza unaingia na baridi ya asubuhi. Ukiwa huna, unakaa kwenye benchi mpaka benchi linakuchora mistari. Na wapo ambao hata benchi hawafiki. Kuna binti mmoja wa kandambili za njano. Kila Jumatano anakuja mpaka getini, analitazama tangazo, kisha ananiuliza kama kandambili zinashoneka. Namwambia zinashoneka. Anasema atarudi. Anaondoka. Lakini huyo tumwache kwanza, nisije nikachanganya mambo.

Wa kwanza kuniazima alikuwa mshonaji wa nguo wa mtaa wa nyuma. Mume wake ni dereva wa malori, ukimwona nyumbani ujue gari limeharibika. Siku hiyo mshonaji alileta kiatu chake, akaitazama foleni, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, chomekea shati twende."

Nikasema, wapi?

"Kuwa baba. Ni muda mfupi tu, nitakurudisha."

Mtu mwingine angekataa. Ila mimi kukataa kunanitaka maneno mengi kuliko kukubali. Nikachomekea shati, nikaenda na sindano ya viatu ikiwa bado mfukoni.

Baada yake akaja muuza mkaa, halafu dada wa saluni, halafu wengine. Habari zilikuwa zimesambaa kwamba nje ya geti kuna mume wa bure, hana maneno, na ukimtumia anarudi bila kuharibika. Utauliza Sista alikuwa haoni? Sista huwa hatazami sura za waume, anatazama matumbo. Na mimi nilikuwa nainama. Muuza mkaa alinivalisha kofia. Dada wa saluni yeye alininyoa kabisa, eti nisifanane na mume wa muuza mkaa.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Vidole. Kila ukiingia kama mwenza mpya, unatobolewa kidole, damu yako inapimwa pamoja na ya mama. Mimi nafanya kazi na sindano, nimejichoma sana, lakini siku zote nilikuwa najichoma kwa shughuli zangu. Hapa kwenu mkono wa kushoto tumeumaliza, tukahamia wa kulia. Kushika uzi imekuwa tabu.

Na hapa Daktari sitanii. Hii damu yangu imekuwa inawatolea ushahidi wanaume ambao haijawahi kukutana nao. Ya kwangu ni safi, nimehakikishiwa kuliko mtu yeyote katika mtaa huu. Lakini ya dereva wa malori siijui. Ya mume wa muuza mkaa siijui. Na Sista amewaambia wake zao kwa furaha kabisa, "Hongera mama, mwenzako yupo salama." Huyo aliye salama ni mimi. Mwanzo nilicheka. Nikafika nyumbani, kicheko kikakata. Naomba wenye wake waitwe watobolewe wenyewe, hata ikibidi mlinzi awashike.

2. Kusemwa kwa makosa ya watu. Hili lilinipata kwa muuza mkaa. Sista alimwuliza swali la kawaida tu, "Mama, mchana unapata kupumzika?"

Muuza mkaa akapumua kwa nguvu. "Nipumzike wapi, Sista, na huyu yupo?" Akaninyooshea kidole. "Mwulize! Mwulize jana alirudi na jua lipi! Magunia nabeba mimi, maji nabeba mimi, yeye kubeba kwake ni simu!"

Niligeuka nyuma nione anamsema nani. Nyuma kulikuwa na ukuta.

Sista akavua miwani. Akivua miwani, Daktari, hata panya wa stoo wananyamaza. "We baba, huna hata aibu?"

Nikasema, ninayo, Sista. Na hilo ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

"Basi mwombe radhi mkeo. Hapa hapa, nasikia."

Nikafanyaje? Nikasema, "Nisamehe, mama. Magunia nitabeba mimi."

Muuza mkaa akabaki mdomo wazi. Kisha akaanza kulia, kulia kwenyewe, na pindo la kanga mdomoni. Akasema tangu aolewe hajawahi kuambiwa hivyo. Sista naye ikabidi aifute miwani. Mimi sasa nina kesi, maana ahadi nimeitoa ndani ya jengo la serikali, naogopa kuivunja. Kesho yake nikaenda kubeba magunia. Mume mwenyewe alinikuta nayashusha. Akanishukuru sana, akasogeza kiti kivulini, akawa ananielekeza pa kuyaweka.

3. Elimu kumwendea mtu mmoja. Lile somo la dalili za hatari nimelisikia mpaka naliota. Kichwa kuuma bila kuacha. Macho kuona ukungu. Uso na miguu kuvimba. Kutokwa na damu. Mtoto kuacha kucheza. Ikafika mahali Sista anaanza swali, mimi namalizia na jibu. Dada wa saluni akanikanyaga chini ya meza, akaninong'oneza, "Usijue sana wewe! Waume hawajui hivyo, utatuumbua!"

Nikaanza kukosea makusudi. Sista akauliza mama alale upande gani, nikasema upande wa ukutani. Alifurahi kweli. Akavuta kiti akanifundisha upya, kushoto baba, kushoto, hadi akanilaza mimi kitandani kunionyesha. Sasa Daktari, ni haki hii? Masomo ya mtaa mzima yamejazwa kwenye kichwa kimoja, tena cha mtu aliyeacha shule. Wenye wake wanabaki watupu, wanaangalia mpira.

4. La nne naliruka kwanza. Nina haya nalo. Nikipata nguvu nitalirudia chini.

5. Kusikilizishwa mali ya watu. Sista ana lile tarumbeta lake dogo la kusikilizia mtoto tumboni. Siku ya mshonaji, alipomaliza kusikiliza akaniita, "Njoo baba, msikie mwanao."

Nikasema hamna haja, nakuamini.

"Haya, anaona haya! Hili tumbo lilipatikanaje?" Akacheka yeye, likacheka benchi zima huko nje, maana pazia lile halizuii kitu.

Nikainama. Mshonaji akafumba macho, na mimi nikafumba yangu, sikio kwenye tarumbeta. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Ilikuwa haraka haraka, kama mtu anapigilia vimisumari vidogo kwa nyundo ndogo na hataki kupumzika mpaka kiatu kiishe. Nikasahau kunyanyuka, Sista akanivuta shati.

Nilipotoka nje kazi haikwenda. Nilikishika kiatu cha mtu nikabaki nimekipakata tu. Mtoto si wangu. Lakini nimeshamsikia, sasa nifanyeje? Mshonaji akipita najikuta nauliza, "Hajambo?" Simaanishi yeye, na watu wanageuka kuniangalia. Jioni ile nilimwekea mke wangu sikio tumboni hivi hivi, bila tarumbeta. Nikasikia mngurumo. Akasema, "Hiyo ni njaa, toka hapo."

Ninaomba tarumbeta liwe kwa wenye mali tu. Au kama ni la kila mtu, basi mtu asikilizishwe na wa kwake pia.

6. Hili sasa ndilo lenyewe, naomba usilipite haraka.

Mke wangu miezi ya mwanzo alikuwa kwa mama yake, kwa sababu ya kutapika, na kliniki alianzia huko huko. Amerudi kwangu hivi karibuni. Haya mambo ya kuazimwa sikumwambia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kila nikipata pa kuanzia, anauliza chakula kiko tayari au bado, pananipotea.

Mke wangu si kama mimi. Anauza mboga sokoni, na sauti yake inafika nyumbani kabla yake. Madalali wanamwogopa. Lakini mbele ya koti jeupe anakuwa mimi kabisa, anaitikia kwa kope.

Jumatano iliyopita aliamka kichwa kinamuuma. Akasema ni jua la jana. Nikamtazama uso, nikaona umejaa. Akakaa kitandani avae viatu. Vile viatu, Daktari, nilimshonea mwenyewe, kwa kipimo cha mguu wake, mguu ninaoujua hata gizani. Vikakataa kuingia.

Nikasema, twende kliniki. Akasema, "Kichwa tu, nitakunywa dawa. Leo nina mchicha, utanyauka." Nikasema, hapana, twende. Akasema atakwenda kesho. Nikasema hapana. Akanitazama kama nimeota pembe, maana tangu anijue mimi sikatai kitu.

Tukafika getini. Mlinzi, ambaye mdomo wake haujawahi kulinda chochote, akapiga saluti. "Bwana harusi! Leo umeleta wa ngapi?"

Mke wangu akasimama. "Wa ngapi nini?"

Mlinzi akaona kimeharibika, akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipofagiliwa.

Tukaingia. Sista akamkalisha mke wangu, akamfunga mkononi ule mkanda wa presha, akaanza kuujaza upepo. Ndipo akanyanyua macho. Sikuwa na kofia, na nywele zilikuwa zimeota. Akavua miwani.

"Wewe! Wewe si mume wa mshonaji? Na ile wiki nyingine ulikuja na muuza mkaa, ukamwomba radhi hapa mpaka nikatoa machozi mimi! Na huyu naye?"

Nikasema, Sista, huyu ndiye wangu kweli.

"Hata kwa wale ulikuwa unatikisa kichwa hivyo hivyo!"

Mke wangu akasema polepole, "Mshonaji yupi? Mkaa upi?"

Mashine ikasoma. Ilikuwa juu, juu sana. Sista akaitazama, kisha akanitazama mimi kana kwamba nimeipandisha kwa mkono. "Nje! Unamuua mtoto wa watu!"

Nikatoka. Nikasimama pale mlangoni, chini ya yule mwanamume wa tikiti maji anayecheka. Na nyuma ya pazia nikamsikia mke wangu, mwenye sauti ya kusimamisha soko, anauliza kisauti kama cha mtoto, "Atarudi?"

Benchi zima lilikuwa limesikia. Mshonaji akaanza kunyanyuka, mkono kiunoni, maana sasa tumbo lake limeshuka. Muuza mkaa akamfuata. Wakaingia bila kuitwa. Nikasikia mshonaji anasema, "Sista, tusamehe. Huyu kaka tulimwazima. Mwenyewe ndiye huyu uliyemfunga mkanda."

"Mlimwazima? Mume ni sufuria?"

"Sufuria ningekuwa nimeshaunguza, Sista," akasema muuza mkaa. "Huyu nimemrudisha mzima."

Halafu Sista akasema, taratibu, "Kwa hiyo ile damu." Nilimsikia anakaa kwenye kile kiti chake kinacholia. Nafikiri hakuna aliyecheka pale, hata muuza mkaa.

Akasema kesho yake anataka kuwaona waume, wale wa kweli, na asiye na wa kweli aje hivyo hivyo aseme. Kisha akaniita. "Kaa hapo kando yake. Usiguse kitu. Usijibu kitu."

Nikakaa. Mkono nikaugusa. Mke wangu akanifinya kiganja, akanifinya tena, hasira zote za mshonaji na za mkaa zikapitia humo. Halafu akaacha kufinya, akabaki ameshika tu. Sista akasubiri kidogo, akapima upya. Ikawa imeshuka. Si sana. Alisema bado ipo juu, ila haikimbii. Akampa vidonge, akamwambia apumzike, mboga ziuzwe na mtu mwingine, arudi kila Jumatano bila kukosa, na kichwa kikizidi au macho yakifanya ukungu aje saa ile ile, hata kama ni Jumapili.

Ndipo kwenye kutoka akanisimamisha, tukafika kwenye lile neno "yupi" nililokuandikia juu. Kwamba yeye ameshadanganywa kwa kutikisiwa kichwa, hadanganywi tena bila karatasi.

Tukatembea mpaka nyumbani. Mke wangu akalala, kwa upande wa kushoto, nilimgeuza mwenyewe. Kisha akasema, "Nitajie wote." Nikamtajia. Nilipofika kwenye magunia akacheka mpaka nikamwomba aache, nikiogopa presha. Baadaye akaniuliza, asubuhi ile nilijuaje kama si jua. Nikamwambia nimefundishwa mara nyingi. Akasema, "Hm."

Baada ya kueleza hayo, ninaomba yafuatayo.

Kwanza niandikiwe karatasi ya kuniachanisha na mshonaji wa nguo, muuza mkaa, dada wa saluni na wengine wote ambao sikuwaoa, yenye mhuri. Isomwe kwa sauti pale kwenye benchi, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Watoto wakae kwa mama zao, mimi sina kipingamizi. Ila habari zao nipewe.

Pili, lile tangazo liondolewe. Kama ni la serikali haliondoki, basi muweke na waume. Haiwezekani muandike kitu mlangoni halafu ndani hakipo. Mumwajiri Mume wa Kituo, apewe koti na kiti chake, akae hapo kuanzia asubuhi kama anavyokaa mpima uzito. Awe mtu wa haya, ili asipeleke maneno mitaani. Awe na likizo, na awepo mwingine wa kumpokea, maana kusemwa kutwa nzima kunachosha kuliko zege. Akifanya vizuri apandishwe cheo, awe Mume Mkuu, akapumzike kutobolewa. Na kwa wale waume wa nyumbani, uwepo mtihani. Anayejua dalili zote arudi kwa mke wake na cheti. Asiyejua arudi kwa mama yake mpaka atakapojua. Najua nyumba za mama zetu zitajaa, lakini naona ni afadhali.

Tatu, kama hayo yote ni mazito, yaache. Nipe hili moja tu: Jumatano niingie na mke wangu. Mmoja. Yule wa sokoni ambaye sauti yake ilipotelea kwenye chumba chenu. Nikae kando yake, nisiguse kitu, nisijibu kitu, mpaka mashine isome.

Ninamaliza kwa salamu. Msalimie Sista Miwani, mwambie mkanda wa mkoba wake umebaki nyuzi mbili, aulete kabla haujamwaibisha njiani. Msalimie mpima uzito na mama wa usafi. Mlinzi usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe. Benchi lote la Jumatano nalisalimia, waliokaa na waliosimama, na waliomo matumboni pia, hasa wa mshonaji.

Ni mimi mwenye haya,
Mume wa mmoja,
Fundi viatu wa getini.

Nyongeza: Daktari, barua hii mke wangu ameisoma, maana kusoma ananishinda. Alipofika mwisho akaniuliza, "La nne liko wapi?"

Ikabidi nimwambie. La nne ni yule binti wa kandambili za njano. Nilizitazama vizuri, hazijakatika popote. Anavaa sweta kubwa kwenye jua, na analishika kwa mbele. Wenzake waliniazima kwa sababu wana waume, wapo safarini, wapo kivulini, lakini wapo, wanao wa kuwasingizia. Yeye sijui kama yupo wa kumtaja. Hajawahi kuniomba. Na mimi huwa naazimwa tu, kujiazimisha sijui. Basi kila Jumatano ananiuliza kandambili, namjibu kandambili, anaondoka hajapimwa.

Mke wangu akaishika barua, nikadhani anaichana. Akasema, "Jumatano anaingia na sisi. Wewe utakaa katikati."

Kwa hiyo Daktari, ile karatasi ya kuniachanisha naomba usiipige mhuri kwanza. Au upige, ila uache nafasi chini. Jumatano tutakuja watatu. Kidole nitatoa kwa ajili ya mke wangu peke yake, kwa huyu mwingine nitakaa tu. Na Sista akiuliza ni yupi, mke wangu amesema nisijisumbue, atamjibu yeye. Amelisema hilo akiwa kitandani, na jirani wa nyumba ya tatu akaitikia.